Kubadilisha mkanda wa taimingi wa Corolla uani kwangu

Watu wengi huuogopa mkanda wa taimingi wakidhani kwamba ugumu wake uko katika kupanga alama za puli zinazoonyesha injini imekaa mahali pake, na kwamba upangaji huo ni siri ya mafundi waliobobea. Baada ya kuifanya kazi hii mwenyewe kwenye Corolla yangu ya miaka ya tisini, yenye injini ya 4A-FE ya sentimita za ujazo 1,587, naona kwamba alama ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote, kwa sababu kosa lolote la kuzipanga huonekana kabla hujawasha injini, mradi tu uizungushe kwa mkono na kuikagua bila haraka. Jasho linakutoka kwingine kabisa.

Mkanda huu ni wa mpira wenye meno upande wa ndani na nyuzi za kioo katikati yake, na kazi yake ni kuuchukua mzunguko wa krankishafti (kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni) na kuufikisha kwenye kamshafti (mhimili unaosukuma valvu) ili valvu zifunguke na kufungwa kwa wakati wake. Kipindi kinachofuatwa kwa kawaida kwa injini hizi ni kilomita 100,000. Tatizo la sisi tunaonunua magari yaliyokwisha kutumika Japani ni kwamba namba iliyo kwenye dashibodi haiwezi kuaminiwa peke yake, na mpira huzeeka kwa umri na kwa joto hata gari likisimama. Gereji za huko hubandika kibandiko ndani ya boneti kuonyesha mkanda ulibadilishwa lini. Kwangu hakikuwapo, kwa hiyo nilichukulia kwamba mkanda haukuwahi kuguswa.

Nisingethubutu kuanzia kwenye injini yoyote ile. Katika 4A-FE, mkanda ukikatika pistoni hazizifikii valvu, hivyo gari huzimika barabarani na hasara yako ni gharama ya kuvutwa. Injini ya dizeli ya 1HZ iliyomo katika Land Cruiser nyingi ni habari nyingine: humo mkanda ukikatika, pistoni huzigonga valvu na kuzipinda, na ndiyo maana dereva wake amewekewa taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Mwenye gari la 1NZ-FE, kama vile IST, hana haja ya kuendelea kusoma, kwa kuwa injini yake inatumia cheni.

Spea nilizinunua Gerezani, Kariakoo, Dar es Salaam: mkanda, rola ya kukazia pamoja na springi yake, oili sili (mpira wa kuzuia oili isivuje) ya mbele ya krankishafti, ile ya kamshafti, na gasketi ya tapeti kava, yaani kifuniko cha juu ya injini. Sili hizo ni za bei ndogo ukilinganisha na kazi ya kufika zilipo, na oili inayovuja juu ya mkanda mpya huuharibu upesi. Muuzaji alinisisitizia ninunue na pampu ya maji, ushauri ambao ungefaa kwa injini ya 3S-FE, ambamo pampu huzungushwa na mkanda wa taimingi. Katika 4A-FE pampu huzungushwa na mkanda wa nje, ule wa altaneta, na unaweza kuibadilisha siku nyingine bila kuigusa taimingi. Mkanda feki nao ni hatari ya kweli, kwa hiyo niliulaza wangu juu ya kaunta, nikalinganisha idadi ya meno, upana na maandishi na ule wa duka la pili kabla ya kutoa fedha.

Sehemu ngumu ya kwanza ilikuwa bolti ya puli ya kranki. Hukazwa kwa nyutoni-mita 118 na, baada ya miaka mingi ya joto na kutu, hudai nguvu kubwa zaidi ili kulegea. Gari langu ni la gia za mkono, kwa hiyo niliweka gia ya tano, mdogo wangu akakanyaga breki kwa uzito wake wote, nami nikaongeza bomba refu la chuma kwenye mpini wa soketi. Wapo wanaoegemeza mpini huo kwenye fremu na kupiga stata ili injini ijilegezee yenyewe; njia hiyo hufanya kazi, lakini mpini ukichomoka unaweza kumvunja mtu mkono, na sioni sababu ya kuitumia mahali penye watoto. Sehemu ngumu ya pili ni maunti ya kulia ya injini, yaani kishikizo kinachoifunga injini kwenye bodi, ambayo lazima ifunguliwe kwa kuwa mkanda umeizunguka. Gari likae juu ya stendi, jeki ishikilie injini kutoka chini, na kati ya jeki na sampu (bakuli la oili chini ya injini) pawe na kipande cha ubao, la sivyo sampu itabonyea.

Ukishaondoa plagi, tapeti kava na vifuniko vya juu vya mkanda, unaizungusha kranki kwa mwelekeo wa mishale ya saa, ukiitazama kutoka upande wa puli, hadi mfereji wa puli ufike kwenye alama ya sifuri ya kifuniko cha chini. Hapo tundu dogo la puli ya kamshafti linapaswa kuelekeana na alama iliyo kwenye kofia ya beringi. Lisipoonekana hapo, zungusha kranki mara moja zaidi, kwa sababu kranki huzunguka mara mbili kamshafti inapozunguka mara moja. Mimi niliongeza alama zangu kwa rangi nyeupe, kwani zile za kiwandani zilikuwa zimefichwa na uchafu. Mkanda mpya huvishwa bila kulegea upande usio na rola, usikunjwe, na usiguswe kwa mikono yenye oili.

Kisha unailegeza bolti ya rola ili springi iuvute mkanda, unaizungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili, polepole, na kutazama tena. Alama zikirudi mahali pake, mkanda umekaa sawa. Zikipishana hata jino moja, unauvua na kuanza upya, na hakuna kilichoharibika. Ukihisi injini imekwama wakati wa kuzungusha, usilazimishe. Bolti ya rola hukazwa kwa nyutoni-mita 37, na mkanda ukibonyezwa katikati kwa nguvu ya takriban kilo mbili unapaswa kuingia milimita 5 hadi 6.

Injini iliwaka bila shida, lakini kuwaka hakukunitosha. Distributa ya injini hii, inayogawa umeme kwa plagi, huzungushwa na kamshafti, nami sikuzigusa bolti zake, hivyo mkanda uliokosea jino ungeonekana waziwazi kwenye taimingi ya moto, yaani wakati plagi zinapotoa cheche. Nilisubiri injini ipate joto, nikaunganisha kwa waya matundu ya TE1 na E1 kwenye kisanduku cha vipimo, nikaimulika puli kwa taa ya taimingi injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Mfereji ulisimama kwenye nyuzi 10, kama inavyotakiwa, nikauchomoa waya na kuwasha kiyoyozi ili nione kama mikanda ya nje nayo imekazwa vya kutosha.