Siku moja maishani mwangu: muuguzi wa wodi ya upasuaji

Saa 1:00 asubuhi. Tunapokezana zamu kitanda kwa kitanda. Nauliza mengi, maana nikishapokea ripoti wagonjwa hawa ni wangu, na "sikuambiwa" ni utetezi dhaifu mbele ya baraza la wauguzi.

Saa 2:00. Dawa. Mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, muda sahihi. Namwomba kila mtu ataje jina lake mwenyewe, kisha nalilinganisha na bangili yake. Aliyelewa usingizi huitikia jina lolote ukimtajia. Morfini, dawa kali ya maumivu, tunaihesabu wawili na kusaini wawili. Kwenye chati moja nukta ya desimali haisomeki. Nampigia daktari simu aandike upya, kwa sababu nukta hiyo ndiyo tofauti ya dozi na mara kumi yake. Agizo ni la daktari, lakini aliyechoma sindano naye atajibu.

Saa 4:00. Mama mmoja anaandaliwa kwenda chumba cha upasuaji. Fomu ya ridhaa imesainiwa. Namwuliza, "Mama, kwa maneno yako, leo unafanyiwa nini?"

"Natolewa uvimbe."

Fomu inasema anatolewa kizazi.

Nasimamisha maandalizi. Mwanawe ananijia: "Sista, si ameshasaini?" Amesaini, ndiyo, ila sahihi bila kuelewa si ridhaa. Kumweleza mimi ili tuokoe muda nisingeweza. Hiyo ni kazi ya daktari mpasuaji, ndiye anayejua atakata nini na kwa nini. Namwita. Anakuja, anavuta kiti, anaeleza: kitakachofanyika, hatari zake, njia nyingine zilizopo, na kitakachotokea asipofanyiwa. Mama anaomba muda wa kufikiri. Ratiba inavurugika na wapo wanaonuna. Wanune. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 ziliandikwa ndani ya hukumu ya madaktari wa Ujerumani ya Kinazi waliofanya majaribio juu ya wafungwa, na sharti lake la kwanza ni ridhaa ya hiari. Zilihusu utafiti, lakini mwili ni ule ule, na mwenye nao ni yule yule.

Saa 7:00 mchana. Analetwa majeruhi asiyejitambua, hana ndugu. Hapa hatungoji sahihi ya mtu: kwa kawaida sheria huruhusu kuokoa maisha kwanza. Akizinduka ataelezwa yote.

Saa 8:00. Simu. Mtu anajitambulisha kuwa mwajiri wa mgonjwa, anataka kujua anaumwa nini. Simwambii, wala sithibitishi kwamba yupo. Azimio la Geneva, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1948, kwa maneno yake ya leo linamtaka daktari atunze siri hata mgonjwa akishafariki. Maadili yetu wauguzi nayo yanadai siri. Yapo ambayo sheria inaweza kutulazimisha kuyaripoti, kama mtoto anayeteswa au baadhi ya magonjwa ya kuambukiza. Hata hapo taarifa huenda kwa mamlaka husika tu. Udadisi wa bosi haumo.

Saa 9:00 alasiri. Naandika mafaili: saa, nilichoona, nilichofanya, sahihi. Ukikosea unapiga mstari mmoja unaoacha neno likisomeka. Anayefuta anajenga shaka, na mgonjwa ana haki ya kumbukumbu isiyochezewa.

Mama ananiita. Ameamua kuahirisha, anataka kwanza kujaribu dawa. Mimi ningechagua upasuaji, na daktari amemwambia wazi kwamba naye angechagua hivyo. Akili yake ni timamu, ameelewa, basi. Tunaandika uamuzi wake na maelezo aliyopewa, tarehe ya kurudi, na dalili za kumrudisha mapema: damu kuzidi, kizunguzungu, maumivu makali. Namwomba azirudie. Anazirudia zote, kisha anauliza kama anaweza kubadili mawazo kabla ya tarehe hiyo.

Anaweza, siku yoyote. Nampa namba ya simu ya wodi.