Nyimbo za mwaka wa kumaliza shule

Msimu wa mahafali umeingia tena. Kuanzia Septemba hadi Oktoba, karibu kila Jumamosi kuna shule inayowaaga kidato cha nne, na kwaya imeandaa wimbo wa kwaheri wenye majina ya walimu ndani yake. Wimbo huo utaliza watu siku ile. Miaka kumi baadaye wachache sana wataukumbuka. Watakachokumbuka ni wimbo ambao hakuna aliyeuchagua, ule uliokuwa ukipigwa kwenye daladala, dukani na kwenye simu ya mwenzao wa bwenini wiki zile za kusubiri mtihani. Leo nauwazia wimbo huo wa pili, jinsi ya kuupata ukiwa umepotea na jinsi ya kuutunza ukipatikana.

Kwanza, kwa nini unashika hivyo. Wanaochunguza kumbukumbu wamekuta mara nyingi kwamba watu wazima wanapoulizwa juu ya maisha yao, mambo mengi wanayoyaeleza yametoka kati ya umri wa miaka 10 na 30. Anayemaliza kidato cha nne yuko katikati ya kipindi hicho. Mwaka 2009 Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alichapisha utafiti alioufanya kwa kupiga picha za ubongo wa watu waliokuwa wakisikiliza nyimbo za ujana wao. Sehemu ya mbele ya ubongo, karibu na paji la uso, ilichangamka zaidi wimbo ulipoleta tukio la maisha ya msikilizaji mwenyewe. Mwaka 2013 Carol Krumhansl na Justin Zupnick wakaongeza jambo ambalo mtu wa huku halimshangazi: vijana wa miaka kama 20 walikuwa na kumbukumbu zao pia juu ya nyimbo za ujana wa wazazi wao. Ndiyo maana mhitimu wa miaka ya 2000 aliyelelewa na baba mpenda zilipendwa anaweza kuguswa na dansi la miaka ya 70, ingawa hakuwa amezaliwa lilipopigwa.

Kuna jambo moja linalosahaulika. Wimbo hufungua mlango wa tukio moja pale tu usipokuwa umeshafungua milango mingine ishirini. Uliopigwa kwenye send-off tatu, harusi tano na kila mkesha wa mwaka mpya umeshachakaa, hata kama ulikuwa ndio wimbo mkubwa wa mwaka ule. Kwa hiyo, ukitafuta wimbo wa kumaliza shule, usianze na vibao vikubwa. Anza na vya daraja la pili, vilivyovuma miezi mitatu vikazimika. Ukiupata huo usiuweke kuwa mlio wa simu. Baada ya mwezi utakukumbusha simu za bosi.

Kutafuta kunaanzia kwenye kalenda, na hapa wengi hukosea. Wanatafuta nyimbo za mwaka, wakati kinachotakiwa ni nyimbo za miezi miwili mitatu. Kwa Tanzania, darasa la saba hufanya mtihani Septemba, kidato cha nne siku hizi ni Novemba, na kidato cha sita ni Mei. Zamani kidato cha sita walifanya Februari, hadi mtihani ulipohamishwa mwanzoni mwa miaka ya 2010. Aliyemaliza kidato cha sita Februari 2006 nyimbo zake nyingi ni za mwishoni mwa 2005. Kenya, mtihani wa KCSE, wa kumaliza sekondari, huanguka Oktoba na Novemba. Kundi la 2020, mwaka wa korona, ni la peke yake: Wakenya walifanya mtihani wao Machi na Aprili 2021, na kidato cha sita wa Tanzania walirudi shuleni Juni mosi wakaanza mtihani Juni 29. Nyimbo zao ni za nyumbani, si za bwenini. Waliokwenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, kabla mpango huo haujasitishwa mwaka 1994 au baada ya kurejeshwa mwaka 2013, mara nyingi huchanganya nyimbo za shule na za mchakamchaka kambini. Wazitenganishe kwa kujiuliza: niliuimba nikikimbia, au niliusikia nimelala?

Ushahidi wa maandishi upo mwingi kuliko watu wanavyodhani. Otografu ndiyo ya kwanza. Daftari lile ambalo kila mwanafunzi wa mwisho alimpitishia mwenzake lilikuwa na swali la wimbo na mwanamuziki unayempenda, kati ya chakula ukipendacho na ushauri wa mwisho. Kurasa 30 za otografu moja ni kura halisi ya darasa, iliyopigwa wiki ileile. La pili ni daftari la mashairi, yale ya kunakili wimbo mstari kwa mstari kutoka redioni, pamoja na maneno yaliyosikika vibaya. Mstari ulioandikwa kimakosa usiusahihishe kabla ya kutafuta. Tafuta kwa kiitikio badala ya beti, maana kiitikio kilirudiwa mara nne na kuna uwezekano mkubwa kilinakiliwa sawasawa.

Kisha kuna kaseti, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu zinakufa.

Kaseti ya kudabu ya miaka ya 80 na 90 ina thamani ambayo nakala safi ya mtandaoni haina. Mtangazaji anaongea juu ya utangulizi, tangazo la sabuni linaingia, wimbo unakatwa kabla ya mwisho kwa sababu upande A umeisha. Sikio lililozoea kukatwa pale bado linasubiri kukatwa. Kwa hiyo unapoihamishia kwenye kompyuta usisafishe vitu hivyo.

Kabla ya kuicheza itazame kwenye kidirisha. Ukiona unga mweupe kando ya mkanda ulioviringwa, hiyo ni fangasi, na Pwani ni ya kawaida kwa sababu ya unyevu. Usiicheze. Fangasi itahamia kwenye mashine na kwenye kila kaseti itakayofuata. Kama haina fangasi, angalia kipande kidogo cha sponji kilicho katikati ya mdomo wa kaseti. Kazi yake ni kuubana mkanda kwenye hedi, kile kichuma cha mashine kinachosoma sauti, na gundi yake hukauka kikadondoka. Kikikosekana sauti huwa hafifu na inayumba, na watu hulaumu redio bure. Dawa ni kuhamisha mkanda wote na magurudumu yake kwenye kasha jingine zima. Kasha lenye skrubu 5 hufunguliwa kwa bisibisi ndogo ya nyota. Lililogundishwa lazima lipasuliwe taratibu kwenye mshono, basi tumia hilo la skrubu kama mwenyeji mpya. Lifungue likiwa limelala mezani. Ukilisimamisha mkanda wote unamwagika sakafuni.

Mkanda ukikatika, unga kwa tepu maalumu ya kuungia, upande wa nyuma, usio na rangi ya sumaku. Selotepu ya ofisini inavuja gundi kwenye joto na kuunasa mzunguko unaofuata. Kaseti za dakika 60 na 90 huvumilia. Za dakika 120 mkanda wake ni mwembamba mno, hunyumbuka na kumezwa na mashine, kwa hiyo icheze mara moja tu, ukiwa tayari unarekodi.

Mashine nayo ina masharti yake. Jaribu kwanza na kaseti usiyoijali. Safisha hedi na mhimili wa chuma kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Kigurudumu cha mpira kipanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo, kwa kuwa spiriti nyingi huukausha mpira ukapasuka. Mkanda wa mpira wa ndani unaozungushwa na mota ukishalegea, muziki unakwenda polepole na kuyumba. Fundi wa redio hubadilisha huo kwa muda mfupi. Zungusha kaseti yote mbele hadi mwisho na kuirudisha kabla ya kucheza, ili mizunguko iliyoshikamana kwa miaka iachane. Kama hukutaka kuichosha mashine, peni yenye pembe sita bado inaingia vizuri kwenye gurudumu.

Sauti ikiwa butu, kama mtu anaimba ndani ya blanketi, kosa mara nyingi ni pembe ya hedi. Kaseti ilirekodiwa kwenye mashine moja na sasa inasomwa na nyingine yenye hedi iliyokaa tofauti kidogo. Pembeni mwa hedi kuna skrubu ndogo, mara nyingi yenye springi. Izungushe robo kwa robo huku wimbo ukicheza hadi herufi "s" na matoazi yasikike wazi, kisha iache. Kama mashine ina kitufe cha Dolby, cha kupunguza mlio wa "shhh", kizime: kanda nyingi za mtaani hazikurekodiwa nayo, na kukiwasha kunazidisha ubutu.

Kuunganisha na kompyuta ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Tundu moja la kompyuta mpakato kwa kawaida ni la maikrofoni. Lina kikuza sauti chake na hupokea upande mmoja tu, kwa hiyo sauti inapasuka hata ukipunguza. Nunua kifaa cha nje cha USB chenye tundu la kuingiza sauti (line-in) la pande mbili, utoe waya kwenye tundu la kutolea sauti (line-out) la deki. Kama redio ina tundu la spika za masikio tu, liweke kwenye theluthi ya sauti. Rekodi kwa programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, na vilele vya sauti vibaki desibeli 6 chini ya kikomo. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi hairudi, lakini iliyo ndogo unaweza kuiongeza baadaye. Faili la WAV, lisilobanwa, la namna hii hula karibu megabaiti 10 kwa dakika, yaani kaseti ya dakika 60 ni zaidi ya megabaiti 600. Hifadhi hiyo kama ilivyo, kisha utengeneze nakala ya MP3 ya kusikiliza. Kuondoa mlio wa "shhh" fanya kwenye nakala, na kidogo tu, la sivyo sauti inakuwa kama inatoka kwenye bomba.

Wengi waliomaliza baada ya 2000 hawana kaseti, wana CD za kuchomewa mjini na kadi za simu zilizojazwa nyimbo kibandani. CD ya kuchoma haivumilii jua na ni ya kunakili haraka. Ifute kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Kadi za kibandani shida yake ni majina: faili zote ni "Track 03". Tarehe ya faili huenda ikasaidia, ingawa ikinakiliwa mara kadhaa hubadilika.

Neno kwa shule zinazojiandaa wiki hizi. Wimbo wa kuingilia wahitimu pigeni hesabu yake. Wahitimu 120 wakiingia wawili wawili ni jozi 60. Kila jozi ikipishana sekunde 4 na inayofuata, mnahitaji dakika 4 kamili, na nyimbo nyingi za sasa haziifiki. Ndiyo maana kila mwaka jozi za mwisho huingia kwenye kimya au kwenye wimbo mwingine kabisa ambao DJ ameudaka haraka. Andaeni wimbo uliorudiwa, na mwendo wa mapigo 60 hadi 70 kwa dakika unawafaa wenye majoho kuliko wa kukimbiza. Kwaya ikiimba irekodini kwa simu mbili, mita 3 au 4 mbele ya waimbaji na mbali na spika, simu zikiwa kwenye hali ya ndege ili mtu asipige katikati ya ubeti. Mkiweka simu mbele ya spika mtapata ngurumo tu. Kuwatumia wenzenu, tumeni faili lenyewe kama hati. Ujumbe wa sauti uliorekodiwa kutoka kwenye simu nyingine ni nakala ya mwisho kwa ubora.

Na kundi la WhatsApp la darasa likianza kubishana ni wimbo gani ulikuwa wa mwaka ule, msiachie kila mtu aandike palepale. Wa kwanza kuutaja huwaburuza wengine wote. Mmoja akusanye nyimbo tatu tatu kwa siri, faraghani, ndipo azitangaze pamoja na jina la bweni au mtaa wa aliyezitaja. Waliokuwa wa kutwa na waliokuwa wa bweni watatofautiana, kwa sababu wa kutwa walisikia redio ya asubuhi njiani na wa bweni walisikia kilichokuwa kwenye redio moja ya mlezi. Wavulana na wasichana nao hawatakubaliana. Wimbo ukitajwa na pande zote mbili, huo ndio wa kupiga mkikutana, mara moja, kabla ya chakula.