Jicho la mama

Jumanne usiku, na baridi ya Uyole mnaijua, mimi na mwanangu Lusajo tulijifunika blanketi moja tukitazama Doctor Who kwenye laptopu, ile tamthilia ya Uingereza ya Daktari anayesafiri katika nyakati, ambaye waigizaji hupokezana kumwigiza. Tumefika zile za 2014, Peter Capaldi ndiyo kwanza kashika nafasi. Daktari anamuuliza Clara, mwenzake wa safari, kama yeye ni mtu mwema. Clara anamjibu kwamba hajui. Nilipomtafsiria Lusajo nilijua atanuna, maana yule wa kabla, kijana Matt Smith, alikuwa kipenzi chake.

Hakununa. Akasema, "Huyu yuko kama wewe ukiwa na oda."

"Kwani mimi huwa nasema nini?"

"Husemi. Unamwangalia tu mtu kama kaharibu kitu."

Akaendelea kutafuna karanga zake. Mimi, kwa haraka, nikamwambia, "Huwa naangalia kama umevaa soksi."

Sare 40 za shule nimezikabidhi Alhamisi, kikao cha harusi ya mdogo wangu kimepita salama, ila mimi bado niko pale kwenye "husemi". Angesema nafoka ningejitetea, nani hafoki? Lakini jicho! Ijumaa nimejikuta mbele ya kioo cha wateja, uzi mdomoni, najitazama kama mtu anayenidai.

Jana nikamtafutia hadithi ya kwanza kabisa, ya 1963, mzee William Hartnell, picha nyeusi na nyeupe. Nilitaka aone kwamba ukali haukuanza na Capaldi (na wale watu wazima wanaolia kwamba shujaa wao kaharibiwa kwa kufanywa mkali nao waione). Mzee na wenzake wanakimbia msituni. Mtu wa mapangoni amejeruhiwa, yuko chini, wenzake mzee wanamhudumia. Mzee anaokota jiwe, anamsogelea. Ian, yule mwalimu, anamdaka mkono: unafanya nini? Eti alitaka yule majeruhi amchoree njia ya kurudi kwenye chombo chao.

Lusajo kimya kidogo, anafikiri. Halafu karanga zikamwagika.

"Mama! Na yeye soksi!"

Tulicheka mpaka Baba Lusajo, aliyerudi kutoka Tunduma amechoka, akagonga ukuta. Leo asubuhi nimemwuliza nani kamaliza sukari. Kasema hajui, labda sisimizi. Tukamjibu wawili kwa pamoja: soksi.

Ila kuku. Jioni tumehesabu sita tu, yule mtetea mwekundu hayupo, na alikuwa amebakiza siku nne aangue.