Nilivyoacha kukariri kimombo nikaanza kujirekodi

Mimi Kiingereza nimekisoma miaka mingi na mitihani nilikua nafaulu vizuri tu, ukinipa sentensi zenye nafasi wazi nakujazia zote, tatizo mdomo. Siku niliyojua kwamba sijui ni siku ya intavyuu ya kazi kwa video, nimekaa mbele ya kompyuta juu shati la maana chini bukta, mambo yanaenda, mwisho yule mama akaniuliza "So you don't have any questions?" nikamjibu kwa kujiamini kabisa "Yes." Akanyamaza. Na mimi nikanyamaza. Yeye anasubiri niulize, mi nasubiri aage. Mpaka akasema "go ahead" ndo nikaanza kubabaika, nikaokota swali la hovyo hata silikumbuki. Kazi sikupata, sisemi ni kwa sababu hiyo ila usingizi wa siku ile sikuupata pia.

Kumbe mchezo uko hivi. Sisi mtu akikuuliza "huna swali?" unajibu "ndiyo, sina", yaani unamkubalia muulizaji alichosema. Wao muulizaji kasemaje hawajali, wanaangalia jibu lenyewe, kama huna ni "no" na kama unalo ni "yes", swali hata likae kichwa chini. Miaka yote hiyo ya gramma hakuna aliyenigusia hili! Dawa niliyojitungia ni ya kitoto lakini imenisaidia, nilijipiga marufuku kusema "yes" au "no" tupu, lazima niifungie mkia, "no, I don't", "yes, I do", maana ukishaanza kuutafuta mkia akili inakaa sawa.

Baada ya hapo ndo nikaanza kujirekodi kwa simu. Natafuta video mtu anaongea kawaida, nakata kipande cha sekunde 20 hivi, nasikiliza mara kadhaa, halafu narekodi sauti yangu nikisema vilevile, kisha nasikiliza ya kwake na ya kwangu. Siku ya kwanza nilitamani nitupe simu. Nilikua nadhani shida yangu ni sauti za herufi, zile "th" watu wanazoziogopa, wakati sisi tunazo toka utotoni kwenye thelathini na dhahabu, wa kuhangaika nazo ni Wafaransa huko. Yangu ilikua mkazo. Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili toka mwisho karibu kila neno, huna haja ya kuuwaza, sasa Kiingereza unatembea: "photograph" uko mwanzoni, "photography" umehamia kwenye "to", "photographic" umeshafika "gra", neno ni lile lile jamani. Na silabi iliyonyimwa mkazo inamezwa. Mimi "comfortable" nilikua naisoma yote bila kumwonea huruma msikilizaji, kom-fo-te-bo, wenyewe wanasema kitu kama kamf-ta-bo wanaendelea na safari. Nikawa nagonga meza kwa kidole kila penye mkazo, zile nyingine nazipitia juu juu, nyumbani wakadhani nimeanza kujifunza ngoma.

Kingine nilichokisikia kwenye rekodi ni vokali za bure ninazobandika mwishoni, "milk" inakua milki, "walked" nasema wokedi. Hiyo ya mwisho nikaja kugundua ni rahisi, "ed" inapata silabi yake pale tu kitenzi kinapoishia na sauti ya t au d, kama "wanted" na "needed", kwingine kote inajificha, "walked" ni wokt na "played" ni pleid, imeisha hiyo.

Nahau sina mengi. Nilikariri orodha ndefu, nyingi sijawahi kusikia mtu anaitumia, nikaacha, sasa nachukua ile niliyoisikia kwa masikio yangu na naandika nani alimwambia nani na walikua wanafanya nini. Ila lazima uibebe jinsi ilivyo. Rafiki yangu mmoja tuliyekua tunafanya naye mazoezi kwa simu alinitania, nikataka kumwambia ananitania, nikasema "you are pulling my foot" badala ya "leg", alicheka mpaka nikakata simu. Nikajiambia hata yeye siku akisikia mtu kavikwa kilemba cha ukoka si atauliza kilemba chenyewe kiko wapi.

Kinachonitoa jasho mpaka leo ni "he" na "she", sisi wote ni yeye tu, ulimi haujazoea kuuliza kwanza ni wa kike au wa kiume. Juzi nimejirekodi dakika 2 nasimulia habari za mama, kusikiliza, mama kawa "he" mara 4. Nikafuta, nikarekodi upya, zikabaki 2.