Kumbukumbu ya manzuki ya Misungwi: kuhesabu utitiri

Kundi moja la nyuki lilipohama kwenye manzuki yangu, yaani shamba langu la mizinga, na kuacha masega matupu, wafugaji wenzangu walikwishaamua kwamba chanzo ni utitiri wa varoa, vidudu vidogo vinavyoishi mwilini mwa nyuki, na baadhi yao wakanishauri niagize vipande vya dawa vya kuning'iniza ndani ya mizinga. Niliona ni vema kuhesabu kwanza, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hubaki kwenye nta, na nta ni sehemu ya mapato yangu.

Kipimo chenyewe hakihitaji maabara. Kutoka kwenye masega yenye majana, yaani watoto wa nyuki wanaokua ndani ya seli, na baada ya kuhakikisha kwamba malkia hayumo, nilikung'uta nyuki wa kujaza nusu kikombe, ambao ni takriban 300, nikawatia katika chupa ya mdomo mpana iliyofunikwa kwa wavu wa waya. Nikawanyunyizia vijiko viwili vya sukari ya unga, nikaiviringisha chupa taratibu na kuiacha kivulini dakika chache, kisha nikaipindua na kuitikisa kwa nguvu juu ya sinia jeupe lenye maji kidogo. Sukari huyeyuka na utitiri hubaki ukionekana: vidude vya rangi ya kahawia nyekundu, vyenye upana unaozidi urefu, visivyofika milimita mbili. Idadi yake ikigawanywa kwa 3, hupatikana kiwango kwa kila nyuki 100. Nyuki hurudishwa mzingani wakiwa hai, ingawa ghadhabu yao wakati huo haielezeki, na kazi hii nisingemshauri mtu aifanye saa sita mchana.

Sinia lilikuwa pia na chawa wa nyuki, ambaye mwenye haraka humhesabu kuwa varoa. Kwa lenzi ya mkono tofauti ni dhahiri: chawa huyo ni nzi asiye na mbawa, mwenye miguu sita, anayekaa mgongoni mwa nyuki na kumwibia chakula mdomoni, ilhali utitiri una miguu minane iliyofichwa chini ya gamba, hula tishu ya mafuta ya nyuki, hueneza virusi vinavyokunja mbawa, na huzaliana ndani ya seli zilizozibwa, hasa za madume.

Kila mzinga niliopima ulikuwa na utitiri, lakini hakuna uliofikia 3 kwa kila nyuki 100, kiwango ambacho wafugaji wengi wa Marekani hukichukulia kuwa ishara ya kuanza kutibu. Sikushangaa sana. Varoa, ambayo asili yake ni nyuki wa Asia, iliripotiwa Afrika Kusini mwaka 1997 na Kenya mwaka 2009, na kote huko nyuki wetu wameistahimili kuliko wale wa Ulaya, kwa sababu husafishana, huyatoa majana yaliyoshambuliwa, na hugawanyika au kuhama mara kwa mara, jambo linalokatiza uzazi wa utitiri. Kwa hiyo dawa sikuagiza.

Kilichobaki kwenye mzinga uliohamwa kilieleza zaidi: asali ilikuwa imechacha na kuchuruzika, na ndani yake mlijaa mabuu ya mbawakavu wa mizinga, mdudu mweusi mwenye asili ya huku huku Afrika. Kundi lenye nguvu humbana kwenye pembe kwa gundi ya nyuki. Lililopungua humwachia nyumba. Na lilipungua kwa nini? Siku chache kabla ya hapo nyuki wengi walikuwa wamekufa mbele ya mlango wa mzinga, ndimi zimetokeza nje, wakati mashamba ya pamba ya jirani yakipuliziwa dawa. Nadhani hapo ndipo penye jibu kuliko kwenye utitiri.

Kwa sasa nimepunguza nafasi katika mizinga yenye makundi madogo ili masega yote yafunikwe na nyuki, na nimepaka grisi kwenye waya za kuning'inizia kwa ajili ya siafu. Mama mwenye shamba la pamba amekubali kupulizia jioni, nyuki wakisharudi, na kunipa taarifa siku moja kabla. Hesabu nyingine ya utitiri nitaifanya baada ya masika, safari hii nikifungua na seli za madume.