Mama mkwe na bluberi za Oslo

Hapa nimekaa jikoni, vidole vyeusi, sabuni imeshindwa.

Tangu tuhamie Oslo, Norway, kutoka Tanga, Jumamosi zetu ni za msituni. Baba watoto ndiye mwenye wazimu huo, mimi ningelala.

Leo tumepanda treni namba 1 hadi mwisho wa reli, Frognerseteren, tukaingia msitu wa Nordmarka na ndoo zetu. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea, naye yumo.

Bluberi, vile vitunda vidogo vya mviringo, zimejaa, vichaka vyenyewe havifiki magotini. Hizi za porini si kama za dukani. Ni nyeusi hadi ndani, zinapaka ulimi kama zambarau. Watoto wakaanza kutoleana ndimi.

Mama hachumi. Kasimama, khanga juu ya koti, anageuka geuka nyuma.

"Mwenye shamba yuko wapi?"

Nikamweleza hakuna, kuna sheria ya tangu 1957 inayomruhusu yeyote kutembea msituni na kuchuma matunda ya porini. Akaitikia "haya" ile ya kutoniamini. Kisha akapaza sauti kuelekea mitini:

"Hodi hapa! Tunaomba kidogo!"

Mzee mmoja mwenyeji alikuwa anapita na mbwa wake. Akadhani anasalimiwa, akapunga mkono.

"Basi, karuhusu," mama akasema. Wallahi alichuma kutushinda sote 😂

Sasa ndoo zimejaa na friza yangu ina samaki tupu. Mlioko Sweden na Finland, mnazifanyaje? Jamu? Juisi? Nielekezeni kabla hazijaharibika.