Nilivyopata swali la tasnifu kwa kusoma wasifu wa wanauchumi kuanzia chini

Nilipoanza shahada ya uzamivu nilikuwa na neno moja tu mkononi: umaskini. Msimamizi wangu akanisikiliza, kisha akasema, "Hilo ni eneo. Swali lako ni lipi?" Sikuwa nalo.

Kuzidi kusoma makala mpya hakukunisaidia. Makala iliyokwisha kuchapishwa haionyeshi mwandishi alihangaika wapi. Nikahamia kwenye wasifu wa kitaaluma (CV), ambao wanauchumi wengi wa vyuo vikuu huuweka wazi mtandaoni. Kazi mpya hukaa juu, za zamani chini. Mimi nilianzia chini, kwenye tasnifu, nikapanda.

Ukisoma hivyo unaona watu tofauti kabisa na wale wa juu ya ukurasa. Claudia Goldin, aliyepata Nobel mwaka 2023 kwa kazi yake kuhusu wanawake na ajira, aliingia chuo akitaka kusoma mikrobiolojia, na tasnifu yake ya 1972 ilihusu utumwa katika miji ya kusini mwa Marekani. Wanawake walikuja baadaye, lakini mazoea ya kuchimba nyaraka za zamani yalikuwapo tangu mwanzo. Elinor Ostrom alikataliwa uzamivu wa uchumi kwa kukosa msingi wa hisabati, akasoma sayansi ya siasa. Mwaka 1965 akamaliza tasnifu kuhusu maji ya chini ya ardhi kusini mwa California: watu wanavutaje kisima kimoja bila kukiharibu? Swali hilohilo, likipelekwa kwenye misitu na uvuvi, ndilo lililompa Nobel mwaka 2009. (Hili lilinifariji kuliko ninavyopenda kukiri; hesabu zangu nazo hazikuwa za kutisha.)

Esther Duflo ndiye aliyenisogeza hasa. Anajulikana kwa majaribio ya nyanjani, yaani kujaribu sera kwa watu halisi mahali wanapoishi, ambayo ni ghali. Lakini makala yake maarufu ya 2001 haikuwa na jaribio lolote. Indonesia ilijenga shule za msingi zaidi ya 61,000 katika miaka ya 1970, nyingi zaidi pale watoto wengi walipokuwa hawasomi. Yeye alichukua data za serikali zilizokwisha kukusanywa, akalinganisha waliokuwa wadogo kiasi cha kuzifaidi shule hizo na waliokuwa wamekwisha kupita umri, wilaya kwa wilaya. Mwanafunzi asiye na fedha za utafiti anapaswa kuisoma makala hiyo mara mbili.

Basi nikachora jedwali: swali, data zilitoka wapi, nani au nini kililinganishwa na nini. Safu ya tatu ndiyo iliyonifaa. David Card na Alan Krueger, kwa mfano, kwenye makala yao ya 1994, walilinganisha migahawa ya New Jersey, ambako kima cha chini cha mshahara kilipanda kutoka dola 4.25 hadi 5.05, na ile ya upande wa pili wa mpaka, Pennsylvania, ambako hakikupanda. Nikaongeza pia herufi za JEL, ule mfumo wa kuainisha kazi za uchumi: J ni ajira, I afya na elimu, O maendeleo. Nilipoona kazi nilizozipenda zinarudi kwenye J na I, neno "umaskini" nikaliacha bila kinyongo.

Nikatafuta utafiti wa kaya unaowafuatilia watu walewale kwa miaka kadhaa, nikasoma hojaji yenyewe kabla ya kugusa namba. Kulikuwa na kipengele cha mzazi kupoteza kazi, na kingine cha kila mtoto kama bado yuko shuleni. Swali likajileta: mzazi akipoteza kazi, ni mtoto yupi huacha shule kwanza, na analinganishwaje na ndugu yake wa nyumba hiyohiyo?

Msimamizi aliligeuzageuza, akakata nusu ya nilichopanga, akakubali. Tasnifu za uchumi siku hizi aghalabu huwa makala tatu, na hiyo ilikuwa ya kwanza. Ya pili ilitoka ndani ya ya kwanza: baadhi ya watoto niliowaandika kuwa wameacha shule walionekana wamerudi darasani katika awamu iliyofuata, na hojaji haikuwa na mahali popote pa kueleza nani alilipa ada.